Neno 'offend': maudhi au kosa?

Kitenzi cha Kiingereza offend asili yake ni neno la Kilatini offendere, yaani kugonga kitu au kujikwaa. Kiliingia katika Kiingereza karne ya 14 kupitia Kifaransa. Wahenga wa Kiswahili nao walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kwa Kiingereza, kitenzi hicho hubeba maana mbili: kumuudhi mtu na kuvunja sheria. Kiswahili huzitenga: maudhi mbali, kosa mbali.

Mwaka 1990 mjini Saint Paul, vijana walichoma msalaba ndani ya ua wa familia ya Wamarekani weusi. Mmoja alishtakiwa kwa sheria ya mji iliyokataza alama za kuamsha hasira, hofu au kinyongo kwa misingi ya rangi, dini au jinsia. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo, ikisema serikali haiwezi kuchagua maudhi ya kuadhibu. Hata hivyo, ilieleza kuwa vitisho na uchomaji moto vina sheria zake.

Kwa Waafrika Mashariki wa Minneapolis na Saint Paul, tofauti hiyo ina uzito: kauli ya kuudhi pekee huenda isifike mahakamani, lakini kitisho chaweza kufika.