Mwezi na Daftari la Shule

Tuko Kibara, kando ya Ghuba ya Speke. Leo twataka kunena juu ya masomo ya watoto wetu na riziki ya nyumba, maana hapa ziwani mambo hayo mawili hayaachani.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa majini, nao hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukipevuka, taa hazifui dafu, na mitumbwi hupumzika. Basi mtazameni mtoto wa mwaloni. Siku za mbalamwezi yumo darasani. Siku za giza huitwa kuvuta nyavu, au kumsaidia mama yake kuanika alfajiri. Akifika shule, husinzia. Mwalimu ajuaye hesabu ya mwezi aweza kutabiri madawati yatakayokuwa matupu.

Wako wasemao kwamba wazazi hawa hawapendi elimu. Sisi hatukubali. Mkoa huu ndio uliomzaa Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Ni Musoma hapo hapo, Novemba 1974, chama cha TANU kilipoazimia kwamba ifikapo 1977 watoto wote wapate elimu ya msingi. Tena tangu 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne. Lakini sare, daftari na viatu vyangali vyanunuliwa, na njaa ya saa sita haijui habari ya ada.

Turudi kwa dagaa. Wakianikwa chini huingia mchanga. Mvua ikinyesha huharibika, na mchuuzi huwachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya kichanja cha miti na wavu mkuukuu, upepo hupita juu na chini, nao hukauka upesi, safi, wakauzwa kwa bei ya chakula cha watu. Twaona haya kidogo kusifu kitu hafifu hivi, lakini tofauti ya bei hizo mbili ndiyo sare ya mtoto.

Sheria ya Mtoto ya 2009 yakataza kumtia mtoto kazi ya hatari, na ghuba yetu ina dhoruba za ghafla. Wazazi wenzetu, mitumbwi ikilala wakati wa mbalamwezi, kateni miti. Nguzo zifike kiunoni mwa mtu mzima, kuku na mbwa wasifikie.