Mkunga Mmoja, Zamu ya Usiku

Kwa miaka mingi mjadala wa uzazi vijijini Tanzania ulizunguka swali moja: kwa nini mama ajifungulie nyumbani? Wakalaumiwa wakunga wa jadi, wakalaumiwa mama wakwe. Swali hilo linapitwa na wakati. Mwaka 2010, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya, nusu tu ya akina mama walijifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma. 2022 walifikia asilimia 81. Mama amekuja, mara nyingi na beseni lake, glovu zake na wembe wake, ingawa sera inasema huduma kwa mjamzito ni bure. La kuuliza sasa ni amemkuta nani.

Usiku, mara nyingi amemkuta mtu mmoja.

Tuchukue zahanati ya kijiji inayohudumia watu 6,000. Kwa kiwango cha watoto kama 35 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, hapo watazaliwa watoto 200 hivi, wanne kwa wiki. Wengi watazaliwa salama. Damu ya kutisha itawatoka akina mama wachache tu kwa mwaka, na hao nao watagawanyika katika zamu za watumishi wawili au watatu. Mkunga anaweza kumaliza miezi bila kukutana na tatizo ambalo, siku likija, linaweza kuua ndani ya saa 2. Mikono husahau, japo cheti kingali ukutani. Ndiyo maana mazoezi mafupi ya kila mara palepale kituoni yana faida kuliko semina ya wiki nzima mjini, ambayo, tuseme ukweli, hupendwa pia kwa posho yake.

Damu yenyewe hudanganya macho, kwa kuwa nyingi hunywewa na kanga. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama alitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu. Kipimo kikifika kiwango cha hatari, hatua zote huanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kukagua mchaniko na mabaki ya kondo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Sasa hesabu mikono. Mmoja akande, mwingine atafute mshipa, mwingine akimbilie friji, maana oksitosini huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Na mtoto aliyezaliwa naye huenda hajalia. Utaalamu unaosemwa katika sera kana kwamba ni mali ya mtu mmoja, kwa kweli ni kazi ya timu.

Rufaa imerahisishwa. Kupitia mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, namba 115 huita gari la wagonjwa, na lisipopatikana huitwa dereva wa kijijini anayelipwa kwa safari. Lakini mama anayetokwa damu hasafirishwi peke yake. Mkunga hupanda naye, na nyuma zahanati hubaki na kufuli hadi atakaporudi.

Mpango wa afya ya msingi wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa chanjo na malaria, zahanati ya kijiji haina mbadala. Kwa uzazi, nadhani ni bora wakunga wakusanywe kwenye kituo cha kata chenye chumba cha upasuaji na nyumba za watumishi. Kaunti ya Kakamega nchini Kenya imejaribu mwelekeo unaofanana na huo. Watakaopinga watataja umbali, na wana haki: mama wa mbali atalazimika kuacha shamba na watoto wadogo, akae wiki kadhaa kwenye nyumba ya kusubiria. Gharama hiyo isiachiwe kaya. Nyumba inayomtaka aje na unga, kuni na mtu wa kumpikia itawapata wale tu ambao hata hivyo wangefika.