Zamu ya saa 12: ipi ya kawaida, ipi ya ziada?

Daftari la ripoti wodini halina safu ya fedha. Huandikwa dripu iliyobadilishwa kitanda namba 4 na sindano ya saa 10 alfajiri. Muuguzi wa serikali aliyeingia saa 1 jioni anakabidhi saa 1 asubuhi, na mwisho wa mwezi ndipo anapouliza: katika saa zile 12, za ziada ni ngapi?

Jibu limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inawahusu pia watumishi wa umma wa Tanzania Bara, isipokuwa walio JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu.

Wa zamu, hata hivyo, ana mlango wake. Makubaliano ya maandishi yanaweza kumfanyisha kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwemo, bila malipo ya ziada. Masharti ni matatu: siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45, na za ziada zisizidi 10. Aliyesaini hana dai la saa tatu za kila siku. Asiyesaini analo, kwa kuwa ratiba iliyobandikwa ukutani si makubaliano.

Usiku nao una nyongeza. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa huongezewa asilimia 5. Chukua mshahara wa msingi wa Sh975,000: ugawe kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45, unapata kama Sh5,000 kwa saa. Saa ya kawaida usiku ni Sh5,250; ya ziada mchana Sh7,500; ya ziada usiku Sh7,875. Saa ya siku ya mapumziko au sikukuu ni Sh10,000.

Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika hesabu hii.

Basi kabla ya kudai, omba nakala ya uliyosaini na uandike saa zako mwenyewe. Shauri likifunguliwa na mwajiri akakosa kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako.