Fahamu: Kwa nini mwanafunzi humwelewa upesi mwenzake

Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure nchini Kongo (DRC) mwaka 2019, huku familia zikikimbia mashambulizi vijijini, madarasa mengi ya Beni na Butembo yamefurika. Hapo ndipo kazi ya vikundi inapofaa. Aliyeelewa hesabu za sehemu asubuhi hii bado anakumbuka alipokwama, basi humweleza jirani wa dawati, kwa Kinande ikibidi, kwa nini 2/3 inazidi 3/5. Wengine wanahofu kwamba wavivu watanakili tu. Ni hofu yenye msingi, lakini ina dawa: Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, tangu miaka ya 1990 huwataka wanafunzi wajibu kila mmoja peke yake, wajadiliane, kisha wajibu tena, na majibu sahihi huongezeka. Maswali magumu bado ayatunge mwalimu, na serikali bado inadaiwa madarasa.