Fundi wa kufuli aliyeinasa nyota ikilipuka

WATU wengi hudhani kwamba elimu ya nyota ni ya maprofesa wenye madarubini makubwa yaliyojengwa vileleni mwa milima, na kwamba mtu wa kawaida kazi yake ni kuinua macho, kustaajabu na kurudi kulala. Lakini usiku wa Septemba 20, 2016, fundi wa kufuli wa mji wa Rosario, nchini Argentina, aliwatangulia maprofesa wote wa dunia. Akiwa juu ya paa la nyumba yake, alipata picha ambazo wataalamu walikuwa wamezitafuta kwa miaka mingi bila mafanikio: picha za nyota kubwa ikianza kulipuka, ndani ya saa ya kwanza tangu mwanga wa mlipuko wake uchomoze.

Fundi huyo ni Víctor Buso. Riziki yake ilitokana na kufuli na funguo; nyota zilikuwa mapenzi yake ya usiku. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kugundua nyota inayolipuka, na hata usiku ule hakuwa akiitafuta. Alikuwa akijaribu kamera mpya tu.

Kisa hiki kinastahili kusimuliwa katika kanda yetu, ambako mara nyingi tumeambiwa kwamba elimu kubwa ni ya watu wa mbali. Kina mafunzo hata kwa mtu anayelala juu ya magunia yake akingojea mpaka ufunguliwe alfajiri.

Miji ya nyota

Jua letu ni nyota moja tu kati ya mabilioni ya nyota zilizokusanyika pamoja kama mji mmoja mkubwa. Mji wa namna hiyo huitwa galaksi. Galaksi yetu tunaiona kwa ndani, nayo ni ule utepe wa mwanga hafifu unaokatiza anga katika usiku usio na mbalamwezi, hasa wakati wa kiangazi.

Mbali kabisa na mji wetu kuna miji mingine isiyo na idadi. Mingi yake imejiviringa kama gamba la konokono, ikiwa na kitovu chenye mwanga mkali na mikono inayokizunguka. Katika mikono hiyo kuna gesi na vumbi kwa wingi, na humo ndimo nyota mpya huzaliwa. Nyota kubwa haziishi muda mrefu. Humaliza kuni zao haraka na kufa kwa kishindo karibu na pale zilipozaliwa. Ndiyo maana mikono ya galaksi ni mahali pazuri pa kutafuta nyota zinazolipuka, ambazo wataalamu huziita supanova.

Galaksi aliyoichagua Buso inaitwa NGC 613. Iko upande wa kusini wa anga, katika kundi la nyota liitwalo Sculptor, na iligunduliwa na William Herschel mwaka 1798. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru milioni 80.

Huenda msomaji akauliza, mwaka wa nuru ni nini? Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, ingeweza kufanya safari 200 kati ya Dar es Salaam na Kigali kabla hujamaliza kutamka jina lako. Kutoka kwenye Jua hadi hapa hutumia dakika nane hivi. Kutoka NGC 613 imetumia miaka milioni 80, maana yake iliondoka huko wakati dinosaria wangali wakitembea duniani.

Kwa hiyo mlipuko aliouona Buso haukutokea usiku ule. Ni kama barua iliyoandikwa kambini na kupita mikono mingi njiani. Siku unapoifungua, aliyeiandika alishahama zamani, lakini habari yake ni mpya kwako.

Haba na haba hujaza kibaba

Kupiga picha ya galaksi ya mbali si sawa na kumpiga picha bibi harusi. Mwanga wake ni hafifu mno, hivyo kamera lazima iachwe ikinywa mwanga huo kwa muda mrefu. Hapo shida huanza. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota huonekana zikisogea kutoka mashariki kwenda magharibi, na picha hutoka na michirizi. Ili kuzuia hilo, darubini hufungwa kwenye mhimili wenye mota, nao huizungusha polepole kuifuata nyota.

Shida ya pili ni taa za mjini. Rosario ni mji mkubwa, na mwanga wa taa zake hupaka anga weupe. Ukiiacha kamera wazi muda mrefu, weupe huo humeza kila kitu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi fupi badala ya moja ndefu. Buso alipiga za sekunde 20 kila moja, akitumia darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 40 hivi.

Picha moja ya namna hiyo ukiitazama utakata tamaa, kwani imejaa chenga kama televisheni isiyo na antena. Lakini kompyuta inaweza kuzipanga picha hizo moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Chenga hukaa mahali tofauti katika kila picha, kwa hiyo hufifia. Galaksi hukaa pale pale, kwa hiyo hujitokeza. Kinachopatikana mwishoni ni jumla ya vijisehemu vingi ambavyo kila kimoja peke yake hakina thamani.

Nukta ambayo haikuwepo

Usiku ule Buso alipiga kwanza mfululizo wa picha za NGC 613. Baadaye kidogo akaanza mfululizo mwingine. Tofauti yake na wapiga picha wengi ni kwamba hakuziweka kando ili azitazame siku nyingine. Alizikagua pale pale.

Karibu na ncha ya mmoja wa mikono ya galaksi, aliona nukta ndogo ya mwanga. Katika picha za mwanzo haikuwepo. Katika picha zilizofuata ilikuwepo, na kila picha mpya ilipoingia, nukta ilikuwa imeongeza mwanga.

Nukta ya ajabu katika picha inaweza kuwa mambo mengi. Inaweza kuwa kasoro ya kamera, hasa kamera ambayo ndiyo kwanza inajaribiwa. Inaweza kuwa jiwe la angani linalokatiza njia. Anayepiga mbiu kwa kosa huaibika mbele ya wenzake, lakini anayesita hadi kesho huikosa saa ambayo haitarudi. Buso hakukaa na habari ile moyoni. Aliwashirikisha wapenzi wenzake wa nyota, na taarifa ikasambaa kwa wenye madarubini duniani.

Nyota ile ikapewa jina SN 2016gkg. Katika Taasisi ya Astrofizikia ya La Plata, nchini humo humo Argentina, mtaalamu Melina Bersten na wenzake walipozipata picha hizo walitambua mara moja kilichokuwa mikononi mwao. Bersten alikadiria kwamba uwezekano wa kupata bahati kama hiyo ni mmoja kati ya milioni 10, na pengine hata mmoja kati ya milioni 100.

Thamani ya hesabu ya jana

Kwa nini saa hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa hivyo? Nyota kubwa inapokufa, kiini chake huporomoka kwa ndani, kisha wimbi kali hupanda kuelekea nje. Kwa muda huo wote nje hakuna dalili. Wimbi linapofika juu na kutoboa, ndipo mwanga wa kwanza hutoka. Hakuna ajuaye ni nyota ipi italipuka wala saa ngapi, kwa hiyo kwa kawaida watu hugundua mlipuko baada ya saa nyingi au siku kadhaa, moto ukiwa umeshatawala nyumba yote. Buso aliona cheche ya kwanza.

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani ataelewa jambo jingine. Gunia likiongezeka ghalani, huwezi kulijua kama hukuhesabu jana. Picha za mwanzo za Buso, zile ambazo nukta haikuwemo, ndizo zilizozipa thamani zile za baadaye. Kwa kuziweka pamoja, wataalamu walijua mwanga ulichomoza lini na uliongezeka kwa kasi gani.

Nchini Marekani, kundi la Alexei Filippenko liliichunguza nyota hiyo kwa takriban miezi miwili, likitumia darubini za Lick huko California na Keck huko Hawaii. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyota ile ilianza maisha ikiwa na uzito wa mara 20 hivi wa Jua letu, lakini ilipolipuka ilibaki na mara 5 hivi. Sehemu kubwa ya uzito wake huenda ilinyonywa na nyota mwenzake iliyokuwa ikizungukana nayo.

Matokeo yalichapishwa Februari 2018 katika jarida la Nature, na katika orodha ya waandishi, jina la fundi wa kufuli liko pamoja na majina ya wanasayansi.

Asidhani mtu kwamba mambo haya hayatuhusu. Hewa ya oksijeni tunayoivuta na sehemu ya chuma cha jembe na panga vilitoka ndani ya nyota za namna hiyo, zilizolipuka kabla Dunia haijakuwepo.

Hakuwa wa kwanza

Historia ya kazi hii imejaa watu wenye shughuli zao nyingine. Mwaka 1888, Isaac Roberts, aliyepata utajiri wake katika kazi ya ujenzi huko Liverpool, Uingereza, alipiga picha iliyoonyesha wazi kwamba galaksi ya Andromeda imejiviringa. Wakati huo watu hawakujua bado kwamba ule ni mji mwingine wa nyota. Jambo hilo lilithibitishwa na Edwin Hubble katika miaka ya 1920.

Huko Australia, mchungaji Robert Evans, aliyefariki mwaka 2022, alikariri sura za galaksi nyingi kichwani. Akawa anatambua nukta mpya kwa jicho tu kwenye darubini, na kwa njia hiyo aligundua supanova zaidi ya 40.

Siku hizi zipo darubini zinazojiendesha zenyewe, na mwaka 2025 kituo cha Vera Rubin nchini Chile kilitoa picha zake za kwanza. Je, mtu wa darini bado ana nafasi? Ndiyo. Mashine hizo hupita anga lote kama askari wa doria. Haziwezi kukaa usiku kucha mlangoni pa galaksi moja. Mei 2023, supanova iliyotokea katika galaksi M101 iligunduliwa na Koichi Itagaki wa Japani, ambaye naye si mtaalamu wa kuajiriwa.

Anga letu ni pana

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumepewa kitu ambacho Buso hana. Yeye anaona vizuri anga la kusini, na wa Ulaya anaona la kaskazini. Sisi, kwa mwaka mzima, tunaona karibu yote. Kati ya Oktoba na Desemba, mbingu ikitakata kati ya mvua na mvua, tazama kaskazini mapema usiku. Andromeda huonekana kwa macho matupu kama doa la ukungu, nayo iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa. Miezi hiyo hiyo, NGC 613 hupita juu upande wa kusini, ingawa yenyewe huhitaji darubini. Aprili hadi Juni ni zamu ya M83, galaksi nzuri iliyojiviringa, pia upande wa kusini.

Kuanza hakuhitaji mtaji wa Buso. Kamera ya mtumba inayoruhusu kuachwa wazi sekunde 10 au 15, ikiwekwa juu ya kitu imara mbali na taa, itaonyesha nyota nyingi kuliko jicho. Programu za kupanga picha zinapatikana bure kwenye intaneti. Tena giza ambalo wa mjini hulitafuta kwa gharama, vijijini kwetu na katika vituo vingi vya mpakani lipo tele. Aliyerudi kutoka ughaibuni na kamera inayokaa kabatini, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya shule, wakishirikiana wanaweza kupata picha ya Andromeda ndani ya msimu mmoja.

La muhimu ni kuandika tarehe na saa ya kila picha, kutozitupa zile zinazoonekana hazina kitu, na kuzikagua usiku ule ule. Buso alikuwa na bahati, hilo halina ubishi. Lakini bahati ile ilipopita Rosario, ilimkuta macho, kamera ikiwa wazi.