Tiketi feki: Benki zalipa, mtandao wapeta

Shabiki anaona tangazo la kulipia mtandaoni: tiketi ya Ligi Kuu England, bei chee. Anatuma pesa, muuzaji anayeyuka. Nani alipe?

Tangu Oktoba 7, 2024, benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa akahamisha fedha kwenda akaunti ya tapeli, hadi Pauni 85,000. Benki iliyotuma na iliyopokea zinagawana hasara nusu kwa nusu. Mtandao uliobeba tangazo? Haulazimiki kuchangia hata senti.

Wakati sheria ya England ya mwaka 1994 inakataza kuuza tiketi za soka bila ruhusa, na baadaye ikabana hata kuzitangaza. Maana yake, tangazo lilishaotea kabla tapeli hajafunga. Aliyelipwa kulionyesha naye aingie mfukoni.