Pete za Mama Mwalimu

Mwaka 1930 kijana Thurgood Marshall wa Baltimore, Marekani, alitaka kujifunza sheria. Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa mjini mwao, lakini siku zile haikuwapokea watu weusi. Basi mama yake, aliyekuwa mwalimu, akaziweka rehani pete zake za arusi, naye kijana akaingia Chuo cha Howard, Washington, akienda na kurudi kila siku kwa gari la moshi. (Wanafunzi wanaonung’unikia mwendo wa saa moja na wasikie!) Huko shule iliongozwa na Charles Houston, mwalimu mkali asiyevumilia uvivu. Mwaka 1933 Marshall alimaliza, wa kwanza katika darasa lake.

Miaka miwili baadaye, mwalimu na mwanafunzi walisimama pamoja mahakamani kumtetea Donald Murray, kijana mweusi aliyekataliwa na shule ile ile ya Maryland. Hakimu akaamuru apokewe. Naye akahitimu mwaka 1938.

Marshall aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba, London, mwaka 1960. Na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Na ile shule ya Maryland? Tangu mwaka 1980 maktaba yake ina jina la Thurgood Marshall.